Kura ya Vitabu: Maktaba ya Mji Mdogo wa Peterborough

Wandugu wasomaji, safari hii nawapeleka kwenye mji mmoja mdogo ulio mbali sana na hapa, katika jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Mji unaitwa Peterborough. Mwaka 1833 ulikuwa na watu wapatao 2000, yaani wachache kuliko watu wa zoni moja ya kambi yetu. Wengi walikuwa wakulima, na wengine walifanya kazi kwenye viwanda vya pamba vilivyozungushwa na maji ya mto Contoocook. Haukuwa mji wa matajiri na haukuwa na chuo kikuu. Lakini mtu yeyote anayeandika historia ya maktaba za umma lazima aupitie, kwa sababu ya mkutano uliofanyika pale tarehe 9 Aprili mwaka huo.

Najua kuna atakayesema: “Tuna shida ya maji, shida ya kuni, mgao umepungua, na wewe unatuletea habari za maktaba ya Wamarekani?” Swali ni la haki. Naomba tu unisindikize mpaka mwisho, maana habari hii inahusu kitu tunachogombania hapa kila siku: pesa zikitoka kwingine, nani anaamua zifanye nini?

Kwanza kulikuwa na vitabu vya wanachama

Kabla ya Peterborough, maktaba zilikuwepo, tena nyingi. Wafalme walikuwa nazo, na misikiti, makanisa na vyuo pia. Kwa watu wa kawaida wa Marekani njia ilikuwa ni chama. Mwaka 1731, kule Philadelphia, kijana mpiga chapa aitwaye Benjamin Franklin aliwakusanya wenzake 50. Kila mmoja alitoa shilingi 40 za kuanzia, halafu shilingi 10 kila mwaka. Vitabu vikanunuliwa kutoka Uingereza, wanachama wakaazimana.

Sisi tuliotoka Kongo tunaielewa hiyo haraka: ni sawa na likelemba. Watanzania wanaita upatu. Tofauti ni kwamba badala ya kupokezana pesa, wale walipokezana vitabu. Mpango ulikuwa mzuri na ukaigwa miji mingi. Lakini likelemba ina mlango wake. Asiye na cha kutoa hakai kwenye mduara. Mtoto wa kibarua, mjane, mgeni aliyefika juzi, wote hao walibaki nje wakiangalia wenzao wanapita na vitabu kwapani.

Halafu kulikuwa na zawadi

Njia ya pili ilikuwa zawadi, na mfano wake maarufu unamhusu Franklin huyohuyo, akiwa sasa mzee na mtu mkubwa. Mwaka 1778 mji mmoja mdogo wa Massachusetts ulijiita kwa jina lake, Franklin. Baadaye wakaazi wakamwomba awasaidie kengele ya kanisa. Yeye akaona afadhali awape vitabu. Akamwomba rafiki yake wa Uingereza, Richard Price, amchagulie, na mwaka 1786 mji ukapokea vitabu 116.

Na hapo ugomvi ukaanza. Vitabu ni vya nani? Vya kanisa, vya wazee wachache, au vya kila mtu? Miaka ilipita. Mwaka 1790 tu ndipo mkutano wa mji ulipopiga kura kwamba wakaazi wote waazime bila malipo. Wengine wanaihesabu hiyo kuwa ndiyo maktaba ya kwanza ya umma Marekani, na watu wa Franklin wanajivunia mpaka leo. Vitabu hivyo bado wanavitunza.

Lakini angalia jambo moja. Watu waliomba kengele, wakaletewa vitabu. Mtoaji alikuwa na nia njema na pengine alikuwa na akili kuliko waombaji. Hata hivyo yeye ndiye aliyeamua, na rafiki yake wa mbali ndiye aliyechagua. Na zawadi ni ya mara moja. Kitabu cha 117 haikijulikana kitatoka wapi. Nadhani wasomaji wengi wa kambi hii mmeshatabasamu: mara ngapi tumeomba kengele tukaletewa kitu kingine?

Mkutano wa Aprili

Sasa tufike Peterborough. Mwaka 1821 serikali ya jimbo la New Hampshire ilianzisha mfuko wa elimu, ukijazwa kwa kodi iliyotozwa benki. Nia ya mwanzo ilikuwa kujenga chuo cha jimbo. Chuo hakikujengwa. Pesa zilikaa, zikajadiliwa, na mwishoni mwa miaka ya 1820 wabunge wakaamua zigawiwe kwa miji: zisaidie shule za watoto, au mambo mengine ya elimu.

Hayo maneno ya mwisho, “mambo mengine ya elimu”, ndiyo yaliyofungua mlango. Miji mingine ilipeleka pesa zote shuleni, na hakuna wa kuilaumu. Peterborough palikuwa na mchungaji aitwaye Abiel Abbot, ambaye alikuwa ameshaanzisha maktaba ndogo ya watoto. Yeye akawasukuma wenzake wafikirie tofauti: shule inamwacha mtu akiwa bado kijana, je, baada ya hapo asome wapi? Tarehe 9 Aprili 1833 mkutano mkuu wa mji ulikubali kwamba sehemu ya fungu lile inunue vitabu vya maktaba ya mji, vitakavyoazimwa bure na wakaazi wote. Na haikuwa mara moja tu: mji uliendelea kutenga fungu la vitabu mwaka baada ya mwaka.

Usidhani lilikuwa jumba. Maktaba ilikaa dukani, kwenye duka la Smith na Thompson, ambalo pia lilikuwa posta. Posta-masta ndiye aliyekuwa mkutubi. Mtu alikuja kuchukua barua, akanunua misumari au chumvi, akaondoka na kitabu. Vitabu vyenyewe mwanzoni havikuwa vingi, na vingi vilikuwa vya dini, historia na maisha ya watu mashuhuri. Jengo la matofali ambalo watu wanapiga picha leo lilifunguliwa mwaka 1893. Lilichorwa na George Morison, mhandisi aliyejulikana kwa madaraja makubwa ya reli. Yaani maktaba ilitangulia, jengo likaja miaka 60 baadaye.

Hapa nataka tusimame kidogo. Vitabu vingi vinasema Peterborough ni maktaba ya kwanza ya bure iliyoanzishwa na kuendeshwa kwa kodi. Ukisikia hivyo unadhani kila mkaazi alitoa sarafu mfukoni. Kumbe pesa ya kwanza haikutoka mfukoni mwao. Ilikuwa kodi ya benki, imepitia serikalini, imeteremka mpaka mjini kama fungu. Kwa lugha yetu ya hapa, lilikuwa ni fungu la mfadhili. Kilichokuwa chao ni uamuzi. Walikaa, wakabishana, wakahesabu mikono, na kesho yake hakuna mtu aliyeweza kusema “vitabu vya fulani”. Vilikuwa vya mji kwa sababu mji ulikuwa umechagua vitabu mbele ya vitu vingine.

Tusiwapake sukari pia. Mkutano ule ulikuwa wa wanaume. Wanawake, wakiwemo wasichana waliosimama kutwa mbele ya mashine za pamba, hawakuwa na kura. Waliruhusiwa kusoma kabla ya kuruhusiwa kuamua. Tukiiga mkutano, tusiige hilo.

Sheria iliyosahau vitabu

Wazo likasambaa. Mwaka 1848 Boston ilipata ruhusa ya kuanzisha maktaba ya jiji, ikafungua milango mwaka 1854. Mwaka 1849 New Hampshire ikatunga sheria ya kuiruhusu miji yote kutoza kodi kwa ajili ya maktaba. Mwaka 1850 Uingereza nayo ikapitisha sheria yake, na kisa cha sheria hiyo nawaandikia hasa nyinyi ndugu zetu wa mashirika.

Waliopigania sheria hiyo ni mbunge William Ewart na Edward Edwards, mtoto wa fundi mwashi aliyejisomesha mwenyewe. Upinzani ulikuwa mkali. Wengine waliogopa kodi. Wengine waliogopa kwamba wafanyakazi wakisoma watakuwa wabishi. Kanali Sibthorp alisimama bungeni akasema yeye mwenyewe hapendi kusoma hata kidogo, na hakupenda hata alipokuwa mwanafunzi Oxford. Ili sheria ipite, ilikatwa huku na huku. Ilihusu miji yenye watu zaidi ya 10,000 tu, theluthi mbili ya walipa kodi wakikubali, na kodi isizidi nusu peni kwa kila pauni.

Na tena: pesa hiyo iliruhusiwa kujenga nyumba na kumlipa mkutubi, lakini haikuruhusiwa kununua vitabu! Ilidhaniwa watu wema wataleta vitabu vyenyewe. Mpaka mwaka 1855 ndipo sheria ilipobadilishwa, kodi ikapanda kuwa peni moja na vitabu vikaruhusiwa kununuliwa.

Nani hajaiona hiyo hapa kwetu? Chumba kimepakwa rangi, bango liko mlangoni, rafu zimepigiliwa misumari, na ndani mna makatoni ya vitabu ambavyo mtu wa nchi nyingine alikuwa anataka kuvitoa nyumbani kwake. Ugonjwa huo una umri wa zaidi ya miaka 170, na Waingereza waliupona kwa kubadilisha sheria, si kwa kuongeza rangi.

Mtoto wa mfumaji

Siwezi kuandika habari za maktaba kwa wakimbizi nisimtaje Andrew Carnegie, maana alianza kama wengi wetu, akiwa mtoto aliyebebwa na safari ya wazazi. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo kwa mkono huko Dunfermline, Scotland. Mashine za mvuke zikamnyang'anya kazi. Mwaka 1848 familia ilikopa nauli ikavuka bahari hadi Pennsylvania, na Andrew, akiwa na miaka 12 au 13, akaingia kiwandani kwa mshahara wa dola 1.20 kwa wiki.

Katika mji huo Kanali James Anderson alikuwa na vitabu kama 400 nyumbani, na kila Jumamosi aliwaazima vijana wafanyakazi. Baadaye ikatokea kanuni kwamba bure ni kwa wanaojifunza ufundi tu, wengine walipe dola 2 kwa mwaka. Andrew alikuwa mpeleka simu za maandishi, si mwanafunzi wa ufundi. Akaandika barua gazetini kulalamika, na mlango ukafunguliwa. Alikuwa bado kijana, mhamiaji, hana kitu, lakini aliuliza: kwa nini yule ndiyo, mimi hapana?

Alipokuja kuwa tajiri wa chuma aligharimia majengo ya maktaba zaidi ya 2500 duniani. Utajiri wenyewe una damu. Mwaka 1892, kwenye kiwanda chake cha Homestead, wafanyakazi waligoma kwa kupunguziwa ujira, na watu wakauawa. Ipo miji iliyokataa pesa zake, na wapo wafanyakazi waliosema afadhali angewalipa vizuri wakanunua vitabu wenyewe. Hilo nalo ni somo: msaada hauondoi swali la haki.

Ila sharti lake lilikuwa la akili. Mji ulioomba jengo ulitakiwa kutoa kiwanja, na kuahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa kuiendesha maktaba. Hakununua vitabu na hakulipa mishahara. Alijua kwamba nyumba isiyo na mwenyewe hubomoka. Bila mkutano wa mji kukubali kubeba mzigo wa kila mwaka, hapakuwa na jengo.

Karibu na kwetu

Huku Afrika Mashariki swali lilikuwa lilelile, na majibu yake yanauma. Mwaka 1931 Nairobi ilifunguliwa maktaba ya McMillan, jengo zuri la mawe lenye simba wawili mlangoni, na shirika lililoachwa na Carnegie huko Marekani lilichangia. Kwa zaidi ya miaka 20 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Iliitwa maktaba, ilikuwa katikati ya mji wake, na simba walikuwa wanamwangalia tu.

Tanganyika, baada ya uhuru, ilipitisha sheria ya kuanzisha bodi ya huduma za maktaba mwaka 1963. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, na bodi ikaanza kueneza maktaba mikoani. Huku jibu lilikuwa: taifa zima ndilo mwenye mali. Kwa mwananchi ni jibu zuri. Kwa sisi wa kambini lina ukuta, maana bila kibali hatutoki, na maktaba ya mkoa iko mjini.

Sasa sisi

Kwetu Kongo tunasema biblioteki, wenyeji wanasema maktaba. Kwetu “buku” ni kitabu, kwa Mtanzania “buku” ni shilingi elfu moja. Tunacheka sana sokoni kwa sababu ya neno hilo. Lakini ndani ya kicheko hicho kuna habari yote niliyowasimulia: buku na buku havitengani, na anayeshika ya pili ndiye anayechagua ya kwanza.

Zoni yetu iliwahi kuwa na chumba cha vitabu. Kilikuwa cha shirika moja, silitaji, maana walikuwa watu wazuri. Vijana walisoma pale mpaka giza linaingia. Kisha mradi ukaisha. Mfanyakazi wa posho akaambiwa mwisho wa mwezi arudishe ufunguo. Vitabu vikapakiwa kwenye gari. Vichache vilivyobaki nje nilivikuta baadaye sokoni, kurasa zikifunga karanga, na ukurasa mmoja ulikuwa na ramani ya mito ya Afrika. Hatukuandamana, hatukuandika barua. Hatukuwa waoga. Ni kwamba hatukujua tuseme nini: huwezi kudai kitu ambacho hujawahi kuulizwa kama unakitaka.

Sasa yanasikika maneno kwamba chumba kingine kitafunguliwa. Mimi nafurahi, na ndiyo maana nimeandika mapema. Wapo watakaosema Peterborough haituhusu: wale walikuwa na ardhi, na kura, na nchi. Kweli. Sisi hatuna kodi wala baraza lenye mhuri. Lakini likumbuke duka la Smith na Thompson. Maktaba ile haikuanza na jumba, na pesa zake za kwanza zilitoka serikalini. Ilianza na watu waliokaa pamoja wakaambiwa kiasi cha pesa kilichopo, kisha wakaachwa waamue.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, ombi langu si vitabu vingi zaidi. Mkija, tuambieni fungu ni kiasi gani hata kama ni dogo. Itisheni mkutano, akina mama wawe na mikono yao hewani, vijana pia, Wakongo na Warundi. Tuulizeni kama tunataka vitabu au tunataka kitu kingine, na mkubali jibu. Orodha ya vitabu tuiandike sisi: vya Kiswahili, Kifaransa, Kirundi, vya mitihani ya watoto, vya ufundi, na hadithi. Na kwenye karatasi ya makubaliano kuwe na mstari mmoja unaosema mradi ukiisha vitabu vinabaki kwa nani.

Na sisi wakaazi tusikae tu na mkono wazi. Tuliotoka Kivu tunaijua salongo. Nchi ilitulazimisha enzi zile, lakini kufyatua matofali ya chumba chetu wenyewe si lazima mtu atushike shati. Kila zoni ina walimu wasio na kazi wanaoweza kupokezana ufunguo. Kila kaya haiwezi kutoa buku, hilo najua, na asiye nacho asifungiwe mlango, maana hapo tutarudi kwenye chama cha shilingi 40. Lakini wanaoweza kutoa shilingi mia watoe, iandikwe kwenye daftari, daftari lisomwe mbele ya watu kila mwezi.

Kama kuna mkaazi mwenye daftari tupu na mwandiko unaosomeka, aje nalo siku ya mkutano. Tuanze kwa kuandika majina ya waliohudhuria.